Kinachoungua Ndani ya Mota



Mota ikipelekwa karakana imeungua, mwenye mali huuliza kwanza habari za shaba. Karibu kila mara shaba ni nzima. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na chuma cha stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, kinataka joto kubwa zaidi ya hilo. Mota hufa mapema sana kabla ya kufika huko, pengine msuko wake ukiwa na nyuzi 200 tu. Kilichoungua ni koti jembamba la enameli lililouvika waya, karatasi iliyotandikwa ndani ya sloti, yaani mifereji ya stata, mirija ya kupitishia ncha za koili, uzi wa kufungia, na vanishi iliyovishikanisha vyote hivyo. Ukivipima kwenye mizani ni vitu vyepesi, na hata kwa bei si vikubwa ukivilinganisha na shaba. Lakini umri wa mota ni umri wao.

Niseme mapema nilichokuja kukitetea. Katika nchi zetu mota haitupwi. Inasukwa upya mara mbili, mara tatu, mpaka bodi yenyewe ichoke, na hilo ni jambo jema. Ila haraka inapoingia na bei inapobanwa, kazi inayokatwa ni ya vanishi na kuikausha. Mteja haioni, kipimo hakiionyeshi, na mota inawaka hata bila hiyo. Vanishi inachukuliwa kama rangi ya kumalizia. Mimi nataka tuihesabu kuwa kiungo cha mashine, chenye kazi yake na vipimo vyake, sawa na beringi.

Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alikikunja kipande cha chuma, akakipaka vanishi, kisha akakizungushia waya wa shaba mtupu mizunguko 18, akiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ili waya usijiguse. Alihami chuma akauacha waya uchi. Kipande hicho kilikuwa na uzito wa gramu 200 hivi, nacho kiliinua kama kilo 4. Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Albany, New York, akafanya kinyume: akauvika waya wenyewe hariri. Hapo akaweza kubananisha mizunguko na kuipanga tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumaku aliyowatengenezea watu wa Yale iliinua zaidi ya kilo 900. Agosti ya mwaka huo huo, London, Michael Faraday aliizungushia waya pete yake maarufu ya chuma, akitenganisha mizunguko kwa uzi na vitambaa vya pamba, na humo akaona umeme ukizaliwa kwa sumaku. Tangu Sturgeon mpaka Henry shaba haikubadilika wala chuma hakikubadilika. Kilichoongezeka ni kihami juu ya waya, na hicho ndicho kilichoziwezesha sumaku kubwa, mota na jenereta kuwepo.

Pwani yetu ina sehemu yake katika habari hii, nayo haisimuliwi madarasani. Utomvu wa mtandarusi uliozama ardhini kwa karne nyingi hugeuka kuwa sandarusi, kitu kigumu chenye rangi ya kaharabu, na ngozi yake ikisafishwa huwa na vipele vidogo vidogo. Wachimbaji wa Uzaramo na Mrima wote waliitafuta kwa majembe katika mashimo mafupi, ikashuka Bagamoyo, ikavuka kwenda Unguja. Katika karne ya 19 meli za Wamarekani kutoka Salem, Massachusetts, zilikuja kuipakia pamoja na pembe za ndovu. Watengenezaji wa vanishi waliijua kuwa ngumu kupita aina nyingine za utomvu walizokuwa nazo. Ilipikwa pamoja na mafuta ya kitani, ikapakwa kwenye magari ya farasi na samani za nyumba za watu wenye uwezo. Mashine za umeme zilipoanza kutengenezwa viwandani, vanishi zake zilitoka katika mapishi hayo hayo: mafuta ya kitani na utomvu mgumu. Ujuzi wa vanishi ya kuhami waya ulianza kwenye sufuria ya fundi wa vanishi.

Kitu cha pili kutoka kwetu ni ulanga. Watoto wa milima ya Uluguru wanaujua. Unameta kwenye mchanga wa vijito. Wajerumani waliuchimba huko, na Waingereza baada yao. Ulanga una tabia ambayo mpaka leo hakuna kemia iliyoishinda vizuri: unachanika katika kurasa nyembamba zinazopitisha mwanga, unavumilia zaidi ya nyuzi 500, na cheche ndogo ndogo za umeme mkubwa haziutafuni kama zinavyotafuna plastiki. Ila ulanga peke yake ni kurasa zilizolegea. Miaka ya 1890 viwanda vilianza kuzibandika kurasa hizo kwa shelaki, ile gundi inayotokana na wadudu wa India, zikawa mabamba na mikanda. Shelaki imekwisha kuondoka, resini ya epoksi imeshika nafasi yake, lakini ulanga umebaki. Jenereta kubwa za umeme wa maelfu ya volti, za ukubwa wa zile tisa za Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji zenye jumla ya megawati 2,115, huvishwa shaba yake mkanda wa ulanga ulionyweshwa resini na kukaushwa kwa joto. Kihami ni ulanga, na kiungo ni resini. Ukiondoa kimoja umeme utapita.

Turudi kwenye mota zetu za volti 400, zile za pampu, za mashine ya kusaga, za korona ya kuchakata mkonge kule Tanga.

Waya wa leo una koti la enameli linalopakwa kiwandani tabaka kwa tabaka. Kwa waya wa kipenyo cha milimita 1, koti la daraja la pili huongeza kati ya milimita 0.063 na 0.094 kwenye kipenyo kizima. Maana yake kila upande una milimita 0.03 mpaka 0.05 tu. Hicho ndicho kilichosimama kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Ukiuburuta waya kwenye ukingo mkali wa sloti, umekwisha kulipunguza. Waya mzuri wa mota siku hizi una makoti mawili ya aina tofauti: la chini la poliesta-imidi la kuvumilia joto, na la juu la poliamidi-imidi la kuvumilia mikwaruzo, na kwa pamoja hufikia nyuzi 200. Upo pia waya wa poliurethani, unaotengenezwa makusudi koti lake liyeyuke kwa chuma cha kulehemu ili nyaya ndogo za redio na rilei ziunganishwe kwa urahisi. Ukiuchukua huo kwa jina la waya wa shaba tu ukausukia mota ya mashine ya kusaga, umeiandikia kifo. Namna ya kuutambua dukani ni kupaka risasi ya moto kwenye ncha: koti likiachia mara moja na risasi ikashika, urudishe rafuni.

Ndani ya sloti hutandikwa karatasi. Zamani ilikuwa karatasi ngumu ya rangi ya kaki inayotokana na selulosi, na bado inauzwa. Inayofaa leo ni ile ya tabaka tatu, yaani filamu ya poliesta katikati na kitambaa cha poliesta pande mbili, au yenye karatasi ya aramidi nje kwa mota za joto kali. Mdomo wa sloti huzibwa kwa kabari. Mafundi wengi huchonga kabari za mwanzi, nami siwalaumu. Mwanzi uliokauka sawasawa ni mgumu na unateleza vizuri. Lakini ni selulosi, na selulosi ina mpaka wake, kama nitakavyoeleza.

Sasa nifike kwenye vanishi.

Ukiuangalia msuko kabla haujatiwa vanishi, una nyaya mia kadhaa ndani ya sloti, na kati ya waya na waya kuna hewa, maana vitu vya mviringo havijazi nafasi yote hata uvibane vipi. Mkondo ukipita, kila waya unasukumwa kwa nguvu ya sumaku. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo msukumo huo hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Nguvu yenyewe hufuata mraba wa mkondo. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta kama mara sita ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo kwa sekunde zile za kuanza nyaya husukumwa kwa nguvu mara 36. Mashine ya kusaga inayowashwa na kuzimwa siku nzima, kila debe linapoletwa, hupata kipigo hicho kila inapowashwa. Waya usioshikwa husogea kiasi kisichoonekana kwa macho, ukimsugua mwenzake, na koti la milimita 0.03 linalika. Siku moja shaba inagusana na shaba. Mzunguko mmoja uliofungwa shoti unageuka kuwa sekondari ya transfoma, unavuta mkondo mkubwa kupita kiasi, unapata moto, na dakika chache baadaye fezi nzima imekwenda. Fundi ataambiwa waya ulikuwa mbovu. Waya ulikuwa mzuri, hakuna kilichoushika, na kuushika ndiyo kazi ya kwanza ya vanishi.

Kazi ya pili ya vanishi ni kupitisha joto. Hewa ndani ya sloti ni blanketi. Uwezo wake wa kupitisha joto ni kama wati 0.026 kwa mita kwa kila nyuzi, na wa vanishi iliyokauka ni kama 0.2, yaani mara saba au nane zaidi. Mota mbili zenye shaba ile ile na mzigo ule ule, moja ikiwa imenyweshwa vanishi mpaka katikati ya sloti na nyingine imepuliziwa juu juu, hazitakuwa na joto moja. Yule aliyeokoa lita moja ya vanishi amekwisha kupandisha joto la msuko, na joto, kama tutakavyoona, linakula miaka.

Ya tatu ni kuzuia unyevu, chumvi na vumbi. Hii wengi wanaijua, na kwa sababu wanaijua peke yake wanadhani kupulizia koili zilizojitokeza nje ya chuma kunatosha. Vanishi ya kopo la kupulizia haifiki ndani ya sloti. Inang'arisha vichwa vya koili na kumpendeza mteja.

Namna ya kuifanya kazi hii inajulikana, wala haitaki mtambo wa kigeni. Stata huwekwa kwanza kwenye oveni ya nyuzi 110 hivi ili unyevu utoke, kisha huachwa ipoe mpaka nyuzi 50 au 60. Inazamishwa kwenye vanishi, na inakaa humo mpaka mapovu yaishe kabisa. Kila povu ni hewa iliyokuwa kati ya waya na waya. Inatolewa, inaning'inizwa ichuruzike, inarudi kwenye oveni. Vanishi ya kuchoma haikauki kwa jua. Jua la Dar es Salaam halifikishi chuma nyuzi 130 wala 150, na molekuli za vanishi hizo zinahitaji joto hilo, kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo, ili zishikamane ziwe kitu kigumu. Tena joto lipandishwe polepole. Ukianza na moto mkali, juu huganda ngozi na ndani hubaki thina isiyo na pa kutokea, na mota itakwenda kazini ikiwa mbichi tumboni.

Asiye na oveni kubwa anaweza kuupasha msuko kwa umeme wenyewe, kwa volti ndogo ya mkondo mnyoofu na bila kuvuka amperi zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Hapo shaba inakuwa kipimajoto. Ukinzani wa shaba hupanda kwa kanuni inayofahamika: chukua 235, ongeza joto, na ukinzani hufuata jumla hiyo. Msuko uliokuwa na omu 1.00 kwenye nyuzi 25 ukifika omu 1.40, uko kwenye nyuzi 129. Kinachohitajika ni mita nzuri ya omu ndogo na daftari. Nimewaona vijana wa karakana ndogo wakifanya hivi kwa umakini ambao viwanda vingi vingewaonea wivu.

Hapa mezani nimeleta stata ya mota ya pampu yenye nguzo nne, iliyofungwa kwa mtindo wa nyota. Naomba walio mbele wasogee. Ukizunguka na kidole kwenye vichwa vya koili utaona makundi manane yamekuwa meusi kama makaa, enameli inapukutika ukiigusa kwa ukucha. Katikati yake, kwa nafasi zilizo sawa, kuna makundi manne yaliyobaki na rangi yao ya kahawia inayong'aa, kana kwamba yametoka dukani jana. Huo ni mwandiko wa fezi iliyokatika. Fyuzi moja ilikwenda, au ncha moja ya kontakta iliungua, na mota ikaendelea kuvuta kwa fezi mbili. Fezi iliyokatika haikupata mkondo, ikapona. Kama mota hii ingefungwa kwa mtindo wa delta, mngeona kinyume: theluthi moja imeungua na theluthi mbili zimepona. Sasa tazameni moja ya hizi koili nzuri. Bonyezeni kwa gumba. Inabonyea. Nyaya zinatengana kama nywele. Vanishi ipo juu tu. Kwa hiyo hata zile zilizonusurika na kukatika kwa fezi zilikuwa njiani. Anayeisuka mota hii upya ana mambo mawili ya kumwambia mwenye mali: aweke rilei ya kulinda fezi, na safari hii alipie vanishi.

Viwanda vimeviweka vihami katika madaraja ya joto, na kila daraja lina herufi: A ni nyuzi 105, E ni 120, B ni 130, F ni 155, H ni 180. Watu husoma F kwenye kibao cha mota wakadhani nyuzi 155 ni mpaka salama wa milele. Hapana. Desturi ya majaribio ni kwamba kihami kinachotajwa kwa joto fulani kitadumu kama saa 20,000 kwenye joto hilo hilo, nazo ni miaka miwili na miezi michache ya kufanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1930 mhandisi wa General Electric, V. M. Montsinger, alitangaza kutokana na vipimo vya transfoma kwamba umri wa kihami hukatika nusu kwa kila nyuzi 8 zinazoongezeka. Mwaka 1948 Thomas Dakin akaeleza sababu: kuzeeka kwa kihami ni mwendo wa kikemia, na kemia hufuata joto. Kwa mota, wahandisi wengi hutumia nyuzi 10. Ndiyo maana mtengenezaji mwenye busara huvipa vihami vya F mzigo unaopandisha joto kama la B. Nyuzi 25 zinazobaki humrudishia mwenye mota zaidi ya mara tano ya umri.

Mota ya F inayosukwa kwa waya wa nyuzi 200, lakini sloti zikatandikwa karatasi ya kaki na kuzibwa kwa mwanzi, imekuwa mota ya A. Kihami dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotoa daraja. Fundi anayetumia selulosi anapaswa kumwambia mteja hivyo, na kupunguza mzigo. La sivyo anunue kabari za faiba, na kwa mota ya ukubwa wa kawaida bei yake haifiki hata nauli ya kuileta mota mjini.

Kuna jambo ambalo hutendeka kabla ya kusuka na huharibu kila kinachofuata. Msuko wa zamani ulioshikwa vizuri na vanishi hautoki kirahisi, basi karakana nyingi huuchoma kwa kuni, matairi au mafuta, mpaka chuma kiwe chekundu. Chuma cha stata kimejengwa kwa mabati membamba ya nusu milimita, na kila bati lina kihami chake juu yake, ili umeme usizunguke ndani ya chuma chenyewe. Moto huo unakiua. Mota itasukwa kwa waya bora duniani na bado itachemka ikizunguka bila mzigo wowote, na bili ya umeme itapanda kila mwezi kwa miaka yote itakayobaki. Mwaka 2003 jumuiya mbili za wakarabati wa mota, EASA ya Marekani na AEMT ya Uingereza, zilitoa matokeo ya majaribio marefu: mota iliyosukwa upya kwa utaratibu, na kuchomwa kwa joto linalodhibitiwa, haipotezi ufanisi wa kiasi cha kujali. Mpaka unaotajwa ni nyuzi 370 hivi. Pasipo oveni ya namna hiyo, kata vichwa vya upande mmoja kwa patasi, lainisha kwa joto la wastani, kisha vuta koili kutoka upande wa pili. Ni kazi ya jasho, lakini chuma kinapona.

Nchi yenyewe nayo ina madai yake. Mota hukadiriwa kwa hewa ya nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya bahari. Juu ya hapo hewa ni nyepesi na haipoozi vizuri. Kiasi ambacho joto la msuko hulipita joto la hewa huongezeka kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Mbeya na Nairobi baridi ya hewa hufidia kasoro hiyo kwa mota iliyo nje. Lakini ndani ya viwanda vya chai vya Mufindi na Kericho, karibu na makaushio, kuna mwinuko na joto kwa pamoja, na humo ndimo mhandisi anapopaswa kuchagua mota kubwa kidogo kuliko hesabu ya kitabu. Pwani adui ni mwingine: chumvi na unyevu wa usiku. Mota iliyosimama msimu mzima Pangani au Lamu isiwashwe kabla ya kupimwa. Na kwenye mashine za kusaga, unga huziba mapezi ya bodi na tundu za feni. Brashi ya asubuhi kwa dakika tano hushusha joto bila gharama.

Niseme juu ya megga, ile mita ya kupimia ukinzani wa kihami, maana huko ndiko wengi wanakopumzikia. Kwa mota za volti 400 tunapima kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, kati ya msuko na bodi, na kipimo kisipungue megaomu 5 kikishasahihishwa kwa nyuzi 40. Kumbuka kwamba kipimo hiki hupungua nusu kwa kila nyuzi 10. Megaomu 20 zilizosomwa asubuhi kwenye nyuzi 30 ni 10 kwenye nyuzi 40. Ni kipimo kizuri cha unyevu na uchafu. Lakini megga huuliza kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Haiulizi kama mzunguko umeshikana na mwenzake, wala kama nyaya zimeshikwa. Mota kavu isiyo na tone la vanishi, ikitoka karakana mchana wa jua, inaweza kusoma megaomu mia kadhaa, kila mtu akafurahi. Kwa hiyo mteja asitosheke na namba hiyo. Amwombe fundi amfungulie kifuniko, abonyeze vichwa vya koili kwa gumba, avigonge kwa kijiti. Msuko ulioshikwa hausogei na sauti yake ni ya kitu kimoja kigumu. Na karatasi ya kazi iwe na namba za kweli: mizunguko kwa kila koili, kipenyo cha waya, daraja la vihami, jina la vanishi, saa na nyuzi za kuchoma, na kipimo cha megga pamoja na joto la siku hiyo.

Namalizia na jambo ambalo linakua mbele ya macho yetu. Visima virefu vya vijijini sasa vinaendeshwa kwa paneli za jua kupitia inveta. Inveta haitoi umeme laini. Inatoa vipande vinavyopanda kwa sehemu ndogo sana ya milioni ya sekunde. Kwa mota ya volti 400, ndani ya inveta kuna volti kama 560. Vipande hivyo vikisafiri kwenye kebo ndefu hugonga mota vikarudi, na kwenye ncha ya mota vinaweza kufika mara mbili, zaidi ya volti 1,100. Mizunguko ya kwanza ya kila koili hubeba sehemu kubwa ya kipigo. Palipo na hewa kati ya waya na waya, hewa hiyo hupasuka kwa cheche ndogo, cheche huzaa ozoni, na enameli inaliwa kidogo kidogo mpaka iishe. Kwa mota ya juu ya ardhi dawa ni waya wenye enameli iliyochanganywa na unga wa madini, na vanishi inayoingizwa kwa mtambo wa kuvuta hewa na kukandamiza ili pasibaki tundu. Mota nyingi za kuzamisha kisimani zina njia yake: waya wake umevikwa plastiki nene, na maji yanajaza msuko wote na kuupooza, bila vanishi kabisa. Anayezisuka kwa waya wa kawaida wa enameli na kuzitia vanishi amebadili mashine kuwa kitu ambacho maji yataingia nacho vita. Na kebo ya kisima cha mita 100 pamoja na inveta ni mazingira magumu kwa kila aina ya kihami, hivyo kinachotakiwa ni kichujio kati ya inveta na kebo, kilichochaguliwa kwa urefu wa kebo hiyo. Kwa sasa hununuliwa baada ya mota ya kwanza kufa, kijiji kikiwa kimekaa wiki bila maji. Wahandisi wa maji mlio humu ukumbini, bei ya kichujio hicho iandikeni kwenye zabuni tangu mwanzo, pamoja na bei ya pampu na ya paneli.